Swali Kabla ya Kuruka

Vuga, Mjini Unguja
2 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Tahir,

Assalaamu alaikum. Idi njema, ingawa najua Idi ya mtu aliyelala chali na nyonga iliyovunjika haina wema mkubwa. Nimeitafuta namba yako mara nyingi na kila mara nimekata kabla simu haijaita. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Barua hii anakuletea Abdulla, yule anayeshusha pweza Darajani asubuhi na kurudi Matemwe ndoo zikiwa tupu. Ameniapia kwamba haitanuka. Usimwamini.

Mimi ni mzima. Kiganja kilichochanika kimeungana, na tangu wiki iliyopita nimerudi kliniki nang'oa meno ya watu kama kawaida. Tulikuwa wawili ndani ya helikopta ile, viti vimegusana, mmoja ametoka na mikwaruzo na mwengine haamki bila kushikwa. Naona haya hata kutembea vizuri.

Kila nikifumba macho naiona alasiri ile ya mwezi wa Ramadhani. Tuko kwenye kiwanja cha chuo cha urubani kule Mangapwani, juu ya majani, kimo cha mtu tu kutoka ardhini. Unanifundisha kuituliza mahali pamoja, isiende mbele wala nyuma. Umeniachia niendeshe. Halafu upepo ukatusukuma ubavuni, guu moja la helikopta likanasa kwenye majani, na mapanga ya juu yakaanza kuchimba ardhi. Wachunguzi waliokuja kliniki nimewaambia habari ya upepo. Walikuwa mabwana wawili wenye adabu zao. Waliniuliza kama siku ile nilikuwa katika hali ya kawaida, nikasema ndiyo, wakashukuru, wakanywa maji, wakaondoka.

Sasa nasikia kamati iliyowatuma inataka kukunyang'anya leseni ya kufundisha. Sielewi. Umekosa nini wewe?

Mungu akuponye. Msalimie Khairat.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Tamima


Matemwe
7 Aprili 2025

Dada Tamima,

Waalaikum salaam, na shikamoo. Barua ilinuka. Khairat aliianika kwenye kamba pamoja na nguo za mtoto.

Daktari wa mifupa anasema nitatembea, kwanza kwa magongo, kisha kwa fimbo, kisha kama watu. Nimemuuliza habari ya kukanyaga pedali za helikopta, akacheka. Sikupenda kile kicheko.

Unauliza nimekosa nini. Kamati iliniita kabla ya Idi, nikabebwa mpaka mjini. Walitaka kujua kama nilikuuliza yale maswali ya kabla ya kupanda. Unayajua: umelala, umekula, umemeza dawa gani, na ukiwa mwezi wa Ramadhani, umefunga? Bwana Shamsi, mwenye chuo, aliiweka kanuni tangu mwaka wa kwanza. Aliyefunga anaruka asubuhi tu. Alasiri haruki, kwa sababu mwili usio na maji wala chakula huchelewa, na helikopta haisubiri. Ndege ya mabawa ukizubaa kidogo inaendelea kwenda zake. Hii ukizubaa inapinduka.

Nikawaambia nilikuuliza. Wakasema, alijibu nini? Nikasema sikumbuki. Mwalimu asiyekumbuka jibu, kwao ni mwalimu ambaye hakuuliza. Ndilo kosa langu.

Dada, nakumbuka. Lakini wale ni wanaume watano, na wawili katika hao wanasali msikiti mmoja na kaka yako Sleiman. Jibu ulilonipa ni sitara ya mwanamke. Halitoki kinywani mwangu kwa sababu ya karatasi ya leseni. Hata mke wangu sijamwambia. Kwa hiyo lala usingizi, hakuna atakayelijua. Kikao cha mwisho ni tarehe tano Mei na wataamua watakavyoamua. Riziki haiko mikononi mwao.

Uliendesha vizuri mpaka dakika ile. Nilikuwa nimeshapanga wiki ile ile uruke peke yako.

Ndugu yako,
Tahir


Vuga
9 Aprili 2025

Mwalimu Tahir,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya godoro, kisha nikaitoa nikaisoma tena. Ahsante kwa sitara. Sina neno jingine, na hilo lenyewe halinitoki vizuri.

Nimempa Abdulla mto wa kuwekea nyonga, dawa za maumivu zilizo bora kuliko ulizopewa, na halua ya Khairat. Labda ungewaambia kuhusu upepo. Labda Bwana Shamsi angekuwekea wakili. Nilitaka kukuambia na jambo jingine, lakini limenishinda, basi liache.

Tamima


Matemwe
20 Aprili 2025

Kwa Daktari Tamima,

Mimi ni Khairat, mke wa Tahir. Unanijua. Siku ya ajali tulikaa benchi moja hospitali mpaka alipotolewa chumba cha upasuaji. Mto umefika na ameulalia. Halua imeliwa na wageni kabla sijaionja.

Nakuandikia bila yeye kujua. Wiki nzima nimemng'ang'ania. Huyu ni mtu anayejua kila msumari wa ile helikopta umekazwa vipi, itakuwaje asahau jibu la neno moja? Jana amenambia, uso kaugeuzia ukutani. Kasema alikuuliza, 'Umefunga, Dada?' ukamjibu, 'Leo sikufunga.' Akaona haya kuendelea. Mwanamke mwenye afya yake asipofunga Ramadhani, sababu yake inajulikana, na si ya kuulizwa na mwanamume. Basi akakupandisha. Na sasa hataki kulisema mbele ya wazee wa kamati asije akakuvua nguo hadharani. Hivyo ndivyo alivyosema, kukuvua nguo.

Nilinyamaza, Daktari. Nilinyamaza kwa sababu siku ile adhana ya magharibi ilipolia, mimi ndiye niliyekupa tende. Uliomba dua ya kufuturu kabla ya kuila. Hilo peke yake nisingelitilia maanani, mtu hufuata mazoea. Lakini baadaye ukanambia, 'Khairat, n'azime kanga yako nsali.' Nikakutandikia kwa mikono yangu pale ukumbini. Ukasali, ukakaa juu ya kanga yangu kumwombea mume wangu, na mimi nikakupenda kwa ajili hiyo.

Mwanamke aliye katika siku zake hasali. Na usinambie ulitoharika jioni ile ile, kwani hukukoga. Ulitia udhu tu kwenye bomba la nje, na mkoba wako niliushika mimi.

Ulikuwa umefunga. Ulimwambia uongo, na katika uongo wote wa duniani ukachagua ule ambao mwanamume wa Unguja hana swali la pili juu yake. Yeye amelala hapa anaifunika aibu ambayo haipo. Anaipoteza kazi yake kwa kukusitiri na kitu ambacho hukuwa nacho.

Sijamwambia. Nataka nisikie kwako kwanza. Kikao ni tarehe tano.

Khairat


Vuga
22 Aprili 2025

Bi Khairat,

Sina la kukataa. Leo nimefunga kliniki, nimewaambia wagonjwa mashine imeharibika. Haijaharibika. Unaona ulimi ukishazoea.

Nilikuwa nimefunga. Asubuhi zote za wiki ile nilikuwa na wagonjwa, nafasi iliyobaki ilikuwa ya alasiri, na Tahir alikuwa ameniambia nimekaribia kuruka peke yangu. Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye kaka yake anasema kama nina mikono mizuri hivyo si nishone kofia, niruke peke yangu juu ya Mangapwani. Kufungua kwa ajili ya mchezo sikuthubutu, nilimwogopa Mungu. Kuikosa nafasi ile sikutaka. Nilitaka thawabu na helikopta kwa siku moja.

Aliponiuliza, nilijua nikisema neno lile atainamisha macho. Akainamisha. Hilo ndilo linalonichoma kuliko uongo wenyewe. Niliijua adabu yake, nikaitafutia kazi.

Nataka ujue na yaliyobaki, maana mumeo hakuambii. Tulipokuwa juu masikio yalianza kunilia, na majani nikayaona yanageuka meupe. Upepo haukuwepo wa kumtisha mtu. Nilitakiwa kusema, 'Mwalimu, shika wewe.' Lakini angeniuliza nina nini, na mtu asiyefunga hana sababu ya kuzimia. Uongo wa kwanza ukanifunga mdomo. Nikakaza mikono. Yeye akasema, 'Niachie, Dada, niachie,' na mikono ikawa haisikii. Alikuwa anapambana na helikopta na mimi kwa pamoja. Mimi ninayewaambia wagonjwa wangu kila siku, usije kung'oa jino na njaa.

Idi nzima watu walikuja kunipa pole. Kaka Sleiman aliwapokea barazani kwake Chukwani, akawaambia, 'Funga yake ndo ilomwokoa.' Wakasema masha Allah. Na mimi nikapitisha sahani ya visheti, nikawakaribisha, nikacheka walipocheka.

Najiona mchafu, Khairat. Silipambi neno.

Lakini nakuomba njia nyingine. Nikiiandikia kamati kwamba kosa la kuendesha lilikuwa langu, kwamba nilikaza mikono Tahir aliposema niachie, haitatosha? Ipo haja ya kulitaja lile neno? Ni wanaume watano. Mji huu mdogo, unaujua. Watasema, huyu ndiye aliyekuwa na funga akajisingizia siku zake ili apande helikopta. Kaka yangu atatembea na hilo mpaka msikitini. Nipe njia nyingine.

Tamima


Matemwe
25 Aprili 2025

Dada Tamima,

Haitoshi. Mwanafunzi kukosea kuendesha si habari, ndiyo maana anaitwa mwanafunzi. Akikosea, anayeulizwa ni mwalimu: kwa nini ulimpandisha? Na jibu la swali hilo liko kwako peke yako.

Umeniomba njia nyingine. Mimi sinayo. Kama ningekuwa nayo ningeshaitumia, nisingekusubiri wewe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hata si kifo chako, ni kazi ya mtu. Mimi sitakusema. Nikikusema mimi itakuwa umbea, na Tahir atasema nimemzushia mwanamke mwenzangu. Ukienda tarehe tano, umekwenda. Usipokwenda, nitajua nilimwazima nani kanga yangu.

Khairat


Vuga
6 Mei 2025

Mwalimu Tahir,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu. Siku ile nilikuwa nimefunga. Nilipokwambia sikufunga nilisema uongo, na nilijua hutouliza zaidi. Uliyemsitiri hakuwa na cha kusitiriwa. Jana nimekwenda mbele ya kamati nikawaambia.

Nilidhani nitasema mara moja niondoke. Haikuwa hivyo. Kepteni Muhiddin, yule rubani mstaafu anayeongoza kikao, alinikaribisha kiti kama mkwe. Bwana Shamsi alikuwa pembeni. Nikaulizwa kama nina la kuongeza.

Nikasema, 'Mwalimu Tahir alinuliza kama nimefunga. Nkamwambia sikufunga.'

Mmoja wao akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Kepteni akasema haraka haraka, 'Basi, Bi Tamima, hayo yanatosha. Hayo mambo yenu, hatuna haja nayo.'

'Hayatoshi, Kepteni. Nlikuwa nimefunga.'

Akanitazama kwa mara ya kwanza. 'Umefunga, na ukasema hukufunga?'

'Naam.'

'Mtu husema uongo kuficha kuwa kala. Wewe umeficha nini?'

'Nimeficha funga, ili nipande. Na nlijua hatouliza tena. Kama nyinyi mlivyotuma watu kliniki wakanuliza eti niko katika hali ya kawaida. Waliogopa jibu.'

Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea. Walikaa wameinama kama watu waliokutana na jeneza la wasiyemjua. Nikaeleza na yaliyobaki: masikio, majani meupe, ulivyosema niachie na mimi nikakaza. Walipomaliza kuandika Kepteni akanisomea: 'Mwanafunzi alitoa taarifa pungufu kuhusu hali yake ya afya.' Akaniuliza kama nimeridhika. Nilijua ananifanyia hisani. Maneno yale yangepita kwa kaka yangu, yangepita mjini kote, na hakuna ambaye angejua ni taarifa gani.

Nusura niseme nimeridhika. Nakuapia, neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikaona kwamba nikilikubali, nimetoka na nguo yangu na wewe umebaki na 'sikumbuki' yako. Nikasema, 'Andikeni kama nilivyosema. Mkilifunika, mwanamke mwengine atalisema, na mwalimu mwengine atainama.' Akafuta, akaandika upya, mkono wake unakwenda polepole. Nilitia saini.

Kaka Sleiman alijua kabla ya alasiri. Hakuja. Alipiga simu, akasema, 'Bora ungekula,' akakata. Na ni kweli alivyosema. Mungu ameruhusu mgonjwa na msafiri wafungue, na mimi ningeweza tu kuikosa nafasi ya alasiri nikaenda zangu nyumbani. Njia zilizo wazi zilikuwa nyingi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Naona ni rahisi mno. Nilitaka tu ujue kwamba yale uliyoyabeba hayakuwa na kitu ndani, na kwamba mimi nilikuangalia ukiyabeba.

Tamima


Matemwe
12 Mei 2025

Dada Tamima,

Mvua imetufungia, Abdulla hakutoka siku tatu, na ni vyema hivyo, kwa sababu barua ya kwanza niliyokuandikia nimeichana.

Nilikasirika. Si kwa uongo tu. Nililala hapa wiki hizi zote nikijihesabu mtu mwema. Maumivu yakizidi najiambia, haidhuru, Tahir, umemsitiri mwanamke wa watu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu, kuliko vile vidonge vyako. Barua yako imenipokonya hata hiyo. Khairat aliponiona nimekunja uso akanambia kumbe alijua tangu zamani, ndipo nikawakasirikia wawili.

Halafu hasira zikaisha, nikabaki na langu.

Siku ile kabla ya kupanda nilikupa chupa ya maji. Ilikuwa ya baridi, nimeitoa kwenye friji ya ofisi. Ulisema ahsante, ukaishika. Ukaishika tulipoizunguka helikopta kuikagua, ukaishika nilipokueleza zoezi, kisha ukaiweka chini bila kufungua kifuniko. Jua lile, mtu asiyefunga angekunywa. Na midomo yako ilikuwa imepauka. Niliona, Dada. Sikuona baadaye, wala kwa kufikiri kitandani. Niliona pale pale nikiwa nimesimama, na nikajua.

Nikajiambia, ameshasema hakufunga, na mimi siwezi kuuliza. Lakini ningeweza kusema leo mashine haiko sawa, turudi kesho. Ningeweza kusema kunywa kwanza, ndiyo tupande. Hilo halina aibu ya mwanamke wala ya mwanamume. Sikusema kwa sababu nilitaka turuke. Nilitaka wiki ile chuo kiwe na mwanamke wa kwanza kuruka peke yake, na mimi niwe niliyemfundisha. Haya ilinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Kuangalia midomo ya mwanafunzi kabla ya kupanda si ziada, ndiyo kazi yenyewe. Mikono yako nilishazoea kuiamini, kumbe ningeangalia midomo.

Nilipowaambia kamati sikumbuki, nilikusitiri wewe nusu, na nusu nilijisitiri mimi. Maana kama ningesema ulijibu nini, wangeuliza, na wewe ulionaje?

Leo nimemwandikia Kepteni Muhiddin nimemweleza habari ya chupa. Khairat hajui. Nitamwambia, lakini si leo. Leo amefurahi, Bwana Shamsi amempigia simu kuwa nikipona kazi ipo.

Nimesema nilikasirika. Bado kidogo. Lakini uliponambia neno la kufuta na kuandika upya, nilikuheshimu kuliko nilivyokuheshimu ukiwa na haya.

Tahir


Matemwe
3 Juni 2025

Dada Tamima,

Uamuzi umetoka, nadhani nakala umepata. Wewe husomi tena kwao, hilo ulilitarajia. Tahir leseni hakunyang'anywa, ila imezuiwa mpaka mwakani. Na wameandika wazi wazi: si kwa ulilomwambia, ni kwa alichokiona akanyamaza. Maneno yako yalikuwa yameshamtoa mlangoni. Kisha ikafika barua yake mwenyewe ikamrudisha ndani.

Nilikasirika mpaka nikaunguza wali. Nilihangaika kutafuta mkweli mmoja, nikapata wawili, na kazi hakuna. Nikamuuliza, mbona hukunambia mimi kwanza habari ya chupa? Kasema, 'Nliona haya.' Ikabidi nitoke nje nisije nikampiga kwa fimbo yake.

Chuo nacho kimebadilisha kanuni. Ramadhani ijayo hapana atakayeruka alasiri, awe amefunga, hakufunga, Muislamu au si Muislamu. Bwana Shamsi anaona ndiyo salama zaidi, na kweli ni salama. Hakuna atakayehitaji kumuuliza mwenzake. Nilipoambiwa nilikaa nikafikiri: nyonga ya mume wangu imevunjika, na jawabu walilolipata watu wazima ni kutafuta namna ya kutoulizana.

Mimi silitaki jawabu hilo nyumbani kwangu. Idi ya Mfunguo Tatu iko mlangoni. Njoo kabla yake, Ijumaa. Usilete mto, usilete dawa, wala halua. Tahir anasema hana uso wa kukutazama, na najua nawe umekaa Vuga unasema hayo hayo. Mimi uso ninao. Nitawakalisha ukumbini, nitakaa katikati, na sitanyanyuka mpaka mmoja wenu amwambie mwenzake shikamoo na mwengine aitikie.

Ijumaa hiyo ni siku ya Arafa, wengine hufunga na wengine hawafungi. Nitakuuliza mlangoni, yeye akisikia, ili nijue nikutilie chai au nisikutilie. Nijibu ilivyo.

Khairat